Asilimia 99 ya nini?

Mhariri,

Habari za programu zinazosoma slaidi za hadubini huchapishwa mara kwa mara siku hizi, na karibu zote zina sura moja: picha ya seli zilizozungushiwa visanduku vya rangi, kisha sentensi isemayo kwamba programu ina usahihi wa asilimia 99. Sisi tunaotayarisha slaidi na kuandika programu za kuzisoma tunaomba nafasi ya kueleza kwa nini tarakimu hiyo, ikiachwa peke yake, haimwambii msomaji lolote. Haisemi ni asilimia 99 ya nini: ya seli, ya picha, ya slaidi, au ya wagonjwa.

Chukua programu inayotazama chembe nyekundu za damu moja moja na kuamua kama chembe ina kimelea cha malaria au haina. Tuseme katika kila chembe 1,000 zisizo na kimelea, inakosea 5 tu. Hiyo ni asilimia 99.5, na nani asingeisifu? Sasa ipe slaidi ya mtu mzima asiye na malaria, isome chembe 10,000. Itatangaza vimelea 50. Mikrolita moja ya damu (sehemu ya milioni ya lita) ina chembe nyekundu zipatazo milioni 5, kwa hiyo 50 katika 10,000 ni sawa na vimelea 25,000 katika kila mikrolita. Mtu hana kimelea hata kimoja, na karatasi ya majibu inamwandikia malaria nzito.

Programu haikudanganya. Ilipimwa kwa chembe moja moja, kisha ikatumiwa kwa mtu mzima. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa mkusanyo wa picha 27,558 za chembe moja moja, zilizopigwa Chittagong, Bangladesh, kutoka kwa wagonjwa 150 wa falsiparamu, mojawapo ya aina za malaria, na watu 50 wasio na ugonjwa. Ni mkusanyo mzuri, na wanafunzi wengi wa fani hii wameanzia hapo. Lakini nusu ya picha zake zina kimelea na nusu hazina, na hakuna damu ya binadamu iliyo hivyo. Katika damu halisi, chembe yenye kimelea moja huweza kuzungukwa na maelfu yasiyo nacho, na kila kosa dogo juu ya hayo maelfu hujumlishwa.

Kosa la pili huingia wakati wa kugawa picha za kufundishia na za kupimia. Mtu akizichanganya zote na kuzigawa kwa bahati nasibu, chembe za mgonjwa mmoja zitaangukia pande zote mbili. Programu itajifunza kivuli cha rangi ya slaidi ile, mwanga wa siku ile, hata vumbi la lenzi ile, kisha itapimwa kwa mambo yale yale. Mgawanyo unapaswa kufanywa kwa wagonjwa: mgonjwa aliyetumika kufundishia asionekane tena upande wa kupimia. Bora zaidi, upande wa kupimia uwe na slaidi zilizopakwa rangi siku nyingine, na mkono mwingine, chini ya hadubini nyingine. Tarakimu hushuka mtu akifanya hivyo. Iliyoshuka ndiyo ya kuchapisha.

Tukiacha hesabu, kuna jambo ambalo habari hizi hazigusi kabisa. Kompyuta haisomi damu. Inasoma picha, na picha huanza kutengenezwa pale tone linapogusa kioo. Jicho la msomaji mzoefu husamehe mengi: hujua kwamba kidoa hiki ni mabaki ya rangi, kwamba pete ile inayong'aa ndani ya chembe ni unyevu uliochelewa kukauka, likaendelea na safari yake. Programu iliyofundishwa kwa slaidi safi haina msamaha huo. Vyote viwili huviita kimelea.

Utando mwembamba, yaani damu iliyosambazwa juu ya kioo, hutaka tone dogo, na kioo cha kusambazia kikishikwa kwa pembe ya digrii 30 hadi 45 na kusukumwa kwa mwendo mmoja usiosita. Ukiinua pembe, utando huwa mfupi na mnene. Ukiilaza, hurefuka na kuwa mwepesi. Sehemu ya kupiga picha ni karibu na mkia, ambapo chembe zimelala safu moja, zikigusana kidogo bila kupandana. Kurudi nyuma kuelekea tone lilipoanzia, chembe hupandana, na hakuna kanuni ya kompyuta itakayofichua kilichofunikwa. Kwenye ncha yenyewe ya mkia chembe hubanjika, zikapoteza weupe wa katikati, na vipimo vyote vya ukubwa vikawa vya uongo. Mashine inayosogeza slaidi yenyewe ni lazima iambiwe eneo la kusoma. Ikiachiwa kuanzia pembeni hadi pembeni, itapima yote kwa imani ile ile.

Utando mwembamba hukaushwa, kisha hukazwa kwa methanoli. Tone nene, yaani damu iliyoachwa kama tone bila kusambazwa nyembamba, halikazwi, kwa sababu pale tunataka chembe nyekundu zipasuke ndani ya maji ya rangi, wabaki vimelea na chembe nyeupe. Viwili hivi vikiwa kwenye slaidi moja, mvuke wa methanoli tu unatosha kulikaza tone nene kwa bahati mbaya. Chembe nyekundu hazipasuki, na nyuma ya kila kitu hubaki ukungu wa waridi ambao programu haikuwahi kufundishwa. Kulikausha tone kwa joto kali, au kuliacha siku nyingi bila kulipaka rangi, huleta balaa hiyo hiyo.

Kuhusu Giemsa, rangi inayopakwa slaidi za damu, wengi hutumia asilimia 10 kwa takribani dakika 10, au asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45. Bafa, yaani maji ya kuchanganyia rangi yanayoshikilia kiwango cha asidi (pH), iwe na pH 7.2 kwa malaria. Wanaochunguza maumbo ya chembe nyeupe hupendelea 6.8, na programu iliyofundishwa kwa moja isipewe nyingine bila kupimwa upya, maana rangi ya kiini na ya utomvu wa seli hubadilika pamoja na pH. Rangi ichujwe, ichanganywe na bafa wakati wa kutumika, na inayobaki imwagwe. Ikikaa hutoa punje za zambarau iliyokolea zenye ukubwa unaokaribia kabisa kiini cha kimelea. Hata kuosha kuna namna yake: maji yamiminwe polepole yaisukume rangi nje huku slaidi ikiwa imelala. Ukiiinamisha slaidi kwanza, utando unaoelea juu ya rangi hushuka na kunata kwenye damu. Tumeona watu wakitumia wiki nzima kurekebisha programu ili iache kuhesabu punje hizo, wakati dawa yake ilikuwa chujio na namna ya kumimina maji.

Damu iliyohifadhiwa kwa EDTA, dawa ya kuizuia isigande, nayo isikae. Ndani ya saa chache chembe nyeupe huvimba na viini vyake huharibika, na vimelea hupoteza umbo. Na hata slaidi ikiwa safi kabisa, bado zipo chembe sahani, zile za kugandisha damu, zenye mikromita 2 hadi 3 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), za zambarau, ambazo zikilala juu ya chembe nyekundu hufanana mno na kimelea kichanga. Hizi si uchafu; ni sehemu ya damu ya kila mtu. Kwa hiyo mafunzo ya programu yawe na mifano mingi ya chembe sahani zilizolala juu ya chembe nyekundu, zikiwa na jina lake, badala ya kutupwa kwenye kapu moja la "si kimelea".

Baada ya slaidi huja kioo na mwanga, na hapa mambo hupangwa kwa hesabu. Umbali mdogo kabisa ambao lenzi inaweza kutenganisha nukta mbili ni 0.61 mara urefu wa wimbi la mwanga, ukigawanya kwa namba ya uwazi iliyochorwa ubavuni mwa lenzi. Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550, lenzi ya mafuta ya 100 (inayokuza mara 100) yenye namba 1.25 hutenganisha mikromita 0.27, lenzi kavu ya 40 yenye namba 0.65 hutenganisha mikromita 0.52. Pikseli moja, yaani kijisehemu kidogo kabisa cha picha ya kamera, ikipimwa pale kwenye slaidi, isizidi nusu ya umbali huo. Kamera yenye pikseli za mikromita 3.45, ikifungwa kwa adapta inayopunguza picha kwa nusu juu ya lenzi ya 100, hutoa pikseli ya mikromita 0.069. Hiyo inatosha na kubaki. Kuongeza megapikseli juu ya hapo hakuongezi undani wowote. Huongeza uzito wa faili tu.

Kipimo hicho kisiaminiwe kwa hesabu peke yake. Ipo slaidi yenye rula ndogo, milimita 1 iliyogawanywa sehemu 100, kila sehemu mikromita 10. Ipigwe picha, zihesabiwe pikseli katika sehemu 10, kwa mlalo na kwa wima. Kwa mfano wetu, mikromita 100 zitachukua karibu pikseli 1,450. Lenzi ikibadilishwa, adapta ikibadilishwa, au kamera ikifunguliwa na kufungwa tena, kipimo kirudiwe. Simu iliyofungwa juu ya lenzi ya macho inaweza kufanya kazi ya maana, lakini ukuzaji wa picha (zoom) ukiguswa kwa kidole, kipimo kimekufa. Tena simu nyingi hunoa kingo za vitu na kuchanganya picha kadhaa kuwa moja bila kuuliza. Programu ya kamera inayoruhusu kuzima hayo ndiyo ya kutafuta.

Kuna mtego mmoja ambao huwanasa hata wenye vifaa vizuri. Lenzi nyingi kavu za 40 zimeandikwa 0.17. Hizo ni milimita: unene wa kioo cha kufunikia ambacho lenzi ilisanifiwa kutazama kupitia. Ukiitumia juu ya utando usiofunikwa, picha huwa na ukungu mwepesi usioondoka hata ufanyeje kutafuta umakinifu, yaani ukali wa picha. Jicho hulizoea, programu haizoei. Tone la kimiminika cha kubandikia na kioo cha kufunikia cha unene huo humaliza tatizo.

Mwanga upangwe kwa njia ambayo August Köhler aliieleza mwaka 1893, ambayo mpaka leo haijapata mpinzani katika hadubini za kawaida. Kiwambo cha kondensa, lenzi inayokusanya mwanga chini ya slaidi, kifunguliwe hadi kiasi cha theluthi mbili au robo tatu ya upana wa mwanga unaoonekana nyuma ya lenzi. Wengi hukibana zaidi kwa sababu picha hukolea na kupendeza. Kukibana mno kunapunguza utenganishaji na kuzungushia kila punje pete za mwanga na kiza. Kimelea kichanga cha malaria nacho ni pete. Hapo mtu amejitengenezea vimelea kwa kidole chake.

Hata mwanga uliopangwa vizuri hufifia kuelekea pembeni mwa picha. Tiba yake ni rahisi na wengi huiruka. Piga picha ya sehemu tupu ya slaidi, kisha picha nyingine mwanga ukiwa umezibwa. Kutoka kwa kila picha ya kazi, toa ile ya giza. Toa giza hilo hilo kutoka kwa ile tupu. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, pikseli kwa pikseli, uzidishe kwa wastani wa mwanga wa picha tupu. Picha itakuwa sawa kutoka katikati hadi kona. Bila hivyo, chembe za pembeni huonekana nyeusi na kubwa kuliko za katikati, na mtu anaweza kuandika ripoti kuhusu ukubwa wa chembe kumbe anaripoti kivuli cha taa.

Muda wa kupokea mwanga na uwiano wa rangi viwekwe kwa mkono na visiguswe kwa slaidi zote za kazi moja. Kamera ikiachiwa kuamua yenyewe, uwanja wenye chembe nyingi utang'arishwa na uwanja wenye chache utatiwa giza, na rangi ile ile itakuwa na namba mbili. Picha zihifadhiwe kwa muundo usiopoteza kitu, kama TIFF. JPEG hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kupunguza undani ndani ya kila kipande, hasa undani wa rangi. Kwa gazeti inafaa. Kwa kupima kiini chenye upana wa pikseli 10 haifai.

Umakinifu nao una kina. Lenzi ya 100 ya mafuta tuliyoitaja huona vizuri unene wa takribani nusu mikromita tu. Utando mwembamba hauna shida sana, lakini tone nene lina mikromita kadhaa, na picha moja itakamata baadhi ya vimelea na kuwaacha wengine kama mawingu. Hapo hupigwa picha kadhaa kwa hatua za nusu mikromita, kisha zikasomwa zote au zikaunganishwa kwa kuchukua sehemu kali ya kila moja. Mashine hutafuta umakinifu kwa kupima jinsi mwanga unavyobadilika ghafla kati ya pikseli jirani: picha kali ina mabadiliko makubwa, yenye ukungu ina madogo. Vumbi juu ya kioo cha kufunikia nalo lina kingo kali. Mashine hulishika vumbi kwa furaha na kupiga picha mia za tabaka lisilo na damu. Iwekewe mipaka: ikipata umakinifu mbali na ule wa uwanja uliotangulia, isimame iombe mtu.

Sasa ndipo programu inaingia. Njia ya zamani na ambayo bado ina kazi ni kuchagua kizingiti cha mwanga: kilicho chini yake ni seli, kilicho juu ni mandharinyuma. Nobuyuki Otsu alichapisha mwaka 1979 namna ya kukichagua kizingiti hicho bila mkono wa mtu, kwa kutafuta mgawanyo unaotenganisha makundi mawili ya pikseli vizuri iwezekanavyo. Ni njia nzuri, ila ina tabia ambayo lazima ijulikane: hupata makundi mawili siku zote, hata pale lilipo moja. Ipe uwanja mtupu usio na seli hata moja, itagawanya kelele za kamera na kurudisha mamia ya "seli". Kwa hiyo kabla ya kuiita, programu ipime kama uwanja una tofauti ya kutosha ya mwanga. Kama hauna, iandike sifuri na kuendelea.

Seli zinazogusana hutenganishwa kwa kupima kila pikseli iko mbali kiasi gani na ukingo, kisha kuzichukulia sehemu za ndani zaidi kama mabonde na kujaza maji mpaka mabonde yakutane. Njia hii hukata kupita kiasi: seli moja yenye kiuno hugeuka mbili, na chembe yenye tundu jeupe katikati huweza kugeuka nne. Ziba matundu kwanza, lainisha ramani ya umbali, ndipo ukate. Kisha chuja kwa ukubwa. Chembe nyekundu ya kipenyo cha mikromita 7.5 ina eneo la mikromita za mraba 44, yaani karibu pikseli 9,300 kwa kipimo chetu. Kitu cha pikseli 400 si chembe nyekundu, na cha 25,000 ni rundo. Mchujo uandikwe kwa mikromita, usiandikwe kwa pikseli, ili usivunjike kamera ikibadilishwa. Na seli zilizokatwa na ukingo wa picha zihesabiwe kwa kanuni ile ile ya kioo cha kuhesabia seli: zinazogusa juu na kushoto zinaingia, zinazogusa chini na kulia zinaachwa. Ukihesabu zote unazidisha. Ukiacha zote unapunguza, tena unapunguza zaidi seli kubwa, kwa sababu ndizo zinazogusa kingo mara nyingi.

Mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, imepunguza sana taabu hiyo. U-Net, iliyotoka Freiburg, Ujerumani, mwaka 2015, ilionyesha kwamba picha chache zilizochorwa kwa uangalifu zinatosha kufundisha kompyuta kuchora mipaka ya seli. Nyingine za aina hiyo, StarDist na Cellpose, zikafuata. Zana za bure zipo pia kwa asiyeandika programu: ImageJ, iliyoanzishwa na Wayne Rasband, CellProfiler, na QuPath kwa slaidi nzima za tishu. Hatuna sababu ya kuzidharau, tunazitumia. Lakini mtandao wa neva hauji na kilio. Kizingiti kibaya hutoa picha mbaya inayoonekana wazi kuwa mbaya. Mtandao uliopewa picha usizozijua hutoa mipaka mizuri, laini, yenye uhakika, mahali pasipo na kitu.

Makosa ya kuufundisha ni mengi, tutataja moja kwa urefu kwa sababu halionekani kwa urahisi. Mitandao mingi hutaka picha za ukubwa mmoja, kwa hiyo kila chembe hukatwa na kuvutwa ijaze mraba, tuseme wa pikseli 128 kwa 128. Baada ya kuvutwa, chembe sahani ya mikromita 2 na chembe nyeupe ya mikromita 14 zina ukubwa sawa. Ukubwa ulikuwa nusu ya habari. Hata kati ya aina za malaria, kuvimba kwa chembe iliyoshikwa na vivaksi, aina nyingine ya malaria, ni dalili ambayo msomaji huitegemea. Njia sahihi ni kukata dirisha la mikromita zile zile kwa kila kitu, mathalani 16 kwa 16, na kuacha nafasi tupu ikae tupu. Kwa sababu hiyo hiyo, katika kuzidisha mifano ya kufundishia, kuzungusha na kugeuza picha hakuna madhara, kwa kuwa slaidi haina juu wala chini. Kubadili rangi kidogo kunasaidia. Kuvuta na kunyoosha kunaharibu.

Majina ya kufundishia (hiki ni kimelea, hiki si kimelea) yatolewe na wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, bila kuona jibu la mwenzake. Wakitofautiana, wa tatu aamue, na idadi ya tofauti hizo ihifadhiwe. Wasomaji wazoefu wakitofautiana juu ya vitu 8 katika kila 100, programu inayodai kukosea 1 tu imejifunza tabia ya msomaji mmoja.

Kuhesabu nako kuna mpaka ambao hakuna mashine inayouruka. Katika tone nene, vimelea huhesabiwa dhidi ya chembe nyeupe 200, au 500 vimelea wakiwa wachache, na kwa desturi mikrolita moja huchukuliwa kuwa na chembe nyeupe 8,000. Vimelea 40 kwa chembe nyeupe 200 ni 1,600 kwa mikrolita. Lakini kitu kinachotawanyika kwa bahati, ukikihesabu ukapata 40, kina yumba ya kipeuo cha pili cha 40, yaani zaidi ya 6. Ukiongeza yumba ya zile 200, hesabu nzima inayumba kwa asilimia 17 hivi, hata kama hakuna kosa lolote la kutambua. Msomaji wa pili akipata 1,300 hajakosea, na programu ikipata 1,850 haijakosea. Hapa ndipo mashine ina faida ya kweli, na ingefaa magazeti yaiandike faida hii badala ya asilimia: haichoki. Ikihesabu mara nne zaidi, yumba hupungua kwa nusu. Mtu atasoma viwanja 100 kabla ya kutangaza slaidi haina vimelea. Mashine inaweza kusoma 1,000.

Faida hiyo hiyo hugeuka hasara programu ikiwa na makosa madogo katika kila uwanja. Uwanja mmoja wa tone nene chini ya lenzi ya 100 una damu ya takribani mikrolita 0.002. Programu inayozua vimelea 2 tu kwa uwanja itazua 200 katika viwanja 100, ambavyo jumla yake ni mikrolita 0.2 za damu. Hiyo ni 1,000 kwa mikrolita. Kusoma viwanja vingi zaidi hakupunguzi tarakimu hiyo, kunaithibitisha tu. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, programu isomeshwe slaidi nyingi za watu ambao hakika hawana ugonjwa, na idadi inayozua ijulikane. Mpaka wa kusema "ana malaria" uwekwe juu ya idadi hiyo, na habari za vimelea wachache kuliko mpaka huo ziachiwe jicho la mtu.

Slaidi hizo ziwe ngapi? Upo mkato unaotosha: ukipima n bila kosa hata moja, kiwango cha kweli cha makosa bado kinaweza kufika 3 gawanya kwa n. Slaidi 60 bila kosa zinaruhusu asilimia 5. Slaidi 300 zinaruhusu asilimia 1. Anayetangaza "hakuna kosa" baada ya slaidi 20 ameruhusu asilimia 15.

Somo hili si geni. Miaka ya 1950, Marekani ilijengwa mashine iliyoitwa Cytoanalyzer ili kuchuja seli za mlango wa kizazi kwa kupima ukubwa na weusi wa viini. Ilishindwa kwa kuzua mno, na waliozuliwa zaidi walikuwa seli zilizopandana na uchafu wa slaidi. Kompyuta zimebadilika kupita kiasi tangu wakati huo. Seli bado zinapandana.

Programu ikishaanza kazi, kila siku isomeshwe slaidi mbili zile zile, moja yenye ugonjwa na moja isiyo nao, na majibu yachorwe kwenye chati. Taa huzeeka, chupa mpya ya rangi huja na ukolezo wake, mtu hufuta lenzi na kusogeza kamera kidogo. Chati itaanza kuteleza siku kadhaa kabla ya mtu yeyote kushuku.

Ombi letu kwa waandishi wenu ni la vitendo. Wakipewa asilimia, waulize ni ya seli, ya slaidi au ya mgonjwa. Waulize slaidi za kupimia zilitoka kwa wagonjwa wangapi, na kama kuna yeyote kati yao aliyeonekana pia katika mafunzo. Waulize programu inazua vimelea wangapi kwenye slaidi ya mtu asiye na ugonjwa. Na mkichapisha picha yenye visanduku vya rangi, ichapisheni na mstari wa kipimo chenye mikromita zake, na pembeni yake muweke picha moja ambayo programu iliikosea. Wenye programu wanazo.

Wenu,
Wasomaji wa slaidi na waandishi wa programu za hadubini